Tezi, Mvua na Lango la Obiero

Chepseon, Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Leo ni tarehe sita Oktoba, na nimekaa mbali na Nyakach miaka thelathini na mitano. Niliondoka mwaka ule ziwa lilipopanda likameza boma la baba: kwanza zizi, halafu ghala, mwishowe nyumba ya mama, ambayo paa lake lilionekana juu ya maji kwa wiki kadhaa kama kofia iliyosahauliwa. Baba alihamia sehemu ya juu akajenga upya. Mimi nilipanda huku kwenye chai nikisema nitarudi maji yakishuka. Maji yalishuka.

Naandika kwa sababu daktari wa kliniki mjini Kericho ameniambia niuangalie mkojo wangu msimu huu na niandike ninachokiona. Sidhani alitaka kurasa. Lakini mimi nikipewa kalamu siwezi kuandika mstari mmoja.

Basi ninachokiona ni hiki. Nasimama chooni, nangoja, nasoma kimoyomoyo Zaburi nzima, napata matone. Nikirudi kukaa, haja inanirudia. Daktari amepapasa, amepima damu, amesema si saratani. Ni tezi dume. Hukaa chini ya kibofu na kuuzunguka mfereji wa mkojo kama pete, na ujanani huwa kama zambarau. Uzeeni pete hunenepa kwa ndani. Yangu, alisema, imefika limau.

Kuna jambo la pili ambalo sikumwambia. Mdogo wangu Obiero ana miaka hamsini na minane na bado analala ndani ya boma la baba yetu ambaye alishakufa. Kwetu Wajaluo mtu hutoka katika boma la baba akaenda kufungua lake kwa zamu, mkubwa kwanza. Siku hiyo mwenye boma hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza shoka, mkewe moto, na usiku ule mume na mke hulala humo kama mume na mke. Mimi ndiye mkubwa. Nisipofungua mimi, Obiero hawezi. Na Obiero asipofungua, wanawe nao wamekwama nyuma yake. Kila mwaka ananiuliza lini. Mwaka huu nimemjibu: nikipona mkojo.


9 Oktoba

Mvua.


14 Oktoba

Mvua imesimamisha uchumaji, kwa hiyo Kipngeno amekuja kuota moto. Yeye ndiye aliyeniuzia ekari hii nilipotoka kiwandani, na chai yake imepakana na ua wangu. Mwaka wa tisini na mbili, vita vilipokuwa upande wa Londiani, alileta kigoda akakaa langoni pangu mchana na usiku mpaka vikapita. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Tunazungumza ng'ombe, mahindi, na sasa mkojo, maana yeye alifanyiwa upasuaji wa tezi mwaka juzi.

"Boiyot," aliniambia, yaani mzee, "bado unasimama huko kwa choo kama askari wa getini?"

"Bado."

"Enda ukatwe. Mimi ile siku walitoa mpira wa mkojo nilikojoa mpaka nikaogopa. Nikafikiri haitaisha."

"Na mengine?"

Akatazama moto. "Hiyo mengine iko. Ile tu mbegu haiendi mbele. Inarudi nyuma kwa kibofu. Daktari anasema ni kawaida ya kukatwa. Mimi na Chelangat tuko na watoto tisa, tukamwambia sawa, irudi tu."

Tulicheka, lakini nilibaki nikiwaza. Wazee wa kwetu huuliza juu ya usiku ule wa kwanza. Hawaulizi kwa aibu. Huuliza kama fundi anavyouliza kama saruji imeshika. Siwezi kuwaambia kwamba saruji imerudi nyuma.

Ndipo Kipngeno akaniambia kuna mashine katika hospitali moja ya misheni upande wa Bomet, ya kuazimwa kutoka ng'ambo, inayochoma tezi bila kisu. "Inachoma na nini?" nikamwuliza. "Na mawimbi," akasema, akaufungua mkono wake hewani kama mtu anayemwachia ndege.

Moto usioonekana. Sijalala vizuri, na safari hii si kwa sababu ya mkojo.


17 Oktoba

Mvua. Mke wangu Trufosa amesogeza kuku jikoni.


23 Oktoba

Nimekwenda Bomet na nimerudi na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo, jambo ambalo hunifurahisha.

Daktari anaitwa Nyang'au, Mkisii, kijana kuliko mwanangu Owiti. Mashine ni kabati lenye kioo kama cha televisheni na mipira miwili. Nilimwomba aanze mwanzo. Muuguzi wake, Sista Rodah, msichana wa hapo Sigor, alisema, "Mzee anauliza kama mwenye atainunua." Daktari akamwambia aniache niulize.

Mpira mwembamba huingizwa katika njia ya mkojo mpaka kibofuni. Karibu na ncha yake, mahali panapokaa katikati ya tezi, pana antena fupi. Antena hutoa mawimbi ya ukoo mmoja na yale ya redio, ila mafupi zaidi. Maji yaliyomo ndani ya nyama hutikiswa na mawimbi hayo, na mtikisiko huo ndio joto. Wakati huohuo maji baridi huzunguka ndani ya mpira wenyewe, ili ngozi ya njia ya mkojo isiungue. Mpira wa pili huingia nyuma na kupima joto la upande ule, usije ukapikwa utumbo.

"Kwa hiyo ngozi iliyo karibu na moto inabaki baridi," nikasema, "na nyama ya ndani zaidi ndiyo inayoiva?"

"Ndivyo, mzee."

Miaka kumi na minane nilisimamia mashine ya kukaushia chai kiwandani. Adui wetu mkubwa alikuwa moto wa pupa: jani hukauka ngozi, ndani likabaki bichi, na chai hiyo ikifungwa huvunda. Joto lilipaswa kutoka nje kwenda ndani polepole, na kazi yangu yote ilikuwa kulingoja. Sasa kijana huyu ananiambia liko joto linaloruka ngozi. Ningependa marehemu msimamizi wangu angekuwa hai nimsimulie.

Nikauliza nyama iliyoiva inakwenda wapi, kama haikatwi. Akasema haiendi popote. Hufa, na mwili huila kidogo kidogo. Ndiyo maana mgonjwa haponi siku hiyo. Kwanza tezi huvimba na hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo hukaa na mpira wiki moja au zaidi. Nafuu huanza baada ya wiki sita, pengine nane, pengine kumi na mbili. "Kisu ni cha haraka na kina nguvu zaidi," alisema. "Hii ni ya mtu mwenye subira." Nayaandika haya kama alivyoyasema, nisije nikayasahau.

Rodah alipotoka nikamwuliza daktari juu ya usiku. Hakucheka. Alisema kwa dawa hii wengi hubaki kama walivyokuwa, lakini hawezi kuniahidi.

Nimechagua mawimbi.


2 Novemba

Mvua ya mawe. Chai ya Kipngeno imepigwa upande wa juu, imebaki vijiti. Redio inasema bahari mahali fulani imepata joto kupita kawaida, na joto hilo ndilo linalotunyeshea sisi huku milimani. Joto la mbali, tena lisiloonekana. Msimu huu naliona kila mahali.


8 Novemba

Obiero amekuja, ametembea kwa miguu kutoka daraja lililozama, suruali imekunjwa mpaka magotini. Ameleta samaki wa kukaanga na habari.

"Owadwa," aliniambia kabla hajakaa, yaani ndugu yangu, "jogoo wa kwanza niliyekununulia tulimla. Wa pili alikufa kwa kideri. Sasa yuko wa tatu, na huyu ana hasira. Nimepanga Jumamosi ya tatu ya Januari. Shoka nimelitia mpini."

"Ngoja nipone."

"Kabla ya mkojo ilikuwa vita. Kabla ya vita ilikuwa karo ya Owiti. Kabla ya karo ilikuwa kiwanda, kwamba ukitoka wataharibu chai." Akamgeukia mke wangu. "Shemeji, daktari anasema hiyo tezi inafanya nini hasa?"

"Inaziba njia," Trufosa akasema.

"Basi tezi yetu ni huyu mzee wako. Tumesimama nyuma yake ukoo mzima, tunangoja matone."

Trufosa alicheka mpaka akaweka sinia chini. Nilicheka pia, maana lilikuwa neno zuri, na Obiero hakuwa na ubaya alipolisema. Toka utotoni husema makali kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chakula.

Baada ya kula akaniambia kwamba wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema mkubwa anaweza kurukwa, lakini kwa njia moja tu: aje mwenyewe, asimame kwenye uwanja wake mchana, aseme kwa kinywa chake kwamba harudi. Si kwa kutuma mtu.

"Nimewaambia hilo halina kazi kwetu," Obiero akasema. "Nimewaambia ndugu yangu anarudi."

Nikamshukuru. Kipande cha samaki kilichobaki nimempa paka.


11 Novemba

Mvua. Obiero ameondoka. Trufosa amemfungia majani ya chai na viazi vya Londiani.


18 Novemba, Bomet, wodini

Nimelala chali na mpira, na mkono wa kuandikia uko huru, kwa hiyo nayaandika yakiwa bado moto.

Waliniingiza asubuhi. Hawakunilaza usingizi, kwa sababu mgonjwa anatakiwa aseme anachosikia. Walitia dawa ya ganzi katika njia, basi. Kuingia kwa mpira si jambo la kusimulia. Kuingia kwa ule wa nyuma hata kidogo. Halafu pampu ya maji ikaanza kunguruma, na daktari akasema, "Sasa tunaanza kupanda."

Mwanzo hakuna kitu. Kisha ubaridi wa ajabu mbele, kama kunywa maji ya mto kwa mahali pasipo kinywa. Kisha, nyuma ya ubaridi, joto. Halikuja kutoka upande wowote. Lilikuwapo tu, kama jiwe lililolala juani siku nzima na mtu akalikalia. Na pamoja nalo haja ya kukojoa, kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

"Usisukume, mzee," Rodah akasema. "Hiyo si mkojo, ni tezi inadanganya."

"Inadanganya vizuri."

"Imefunzwa na nani?"

Akaketi kando yangu, macho yake kwenye kioo, na kunipigisha soga ili nisahau. Aliuliza watoto wangapi, nikamwambia. Aliuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamweleza kukausha chai mpaka akaomba nafuu. Aliuliza nimetoka wapi, nikasema Nyakach.

"Mara ya mwisho kwenda ni lini?"

"Mazishi ya mama. Themanini na sita."

"Sasa mzee, mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unamwambia aje?"

Nilifungua kinywa, na umeme ukakatika.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Pampu ilinyamaza, kioo kikafa, mvua ikasikika juu ya mabati kama ilikuwa inangoja zamu yake. Daktari alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mashine ikizima mawimbi huzima papo hapo, hakuna hatari. Nikasikia mtu akikimbia matopeni, kisha jenereta likakohoa, likakataa, likakubali. Tukaanza tena kupanda. Rodah hakurudia swali lake, nami sikumkumbusha.

Mwishoni nikamwuliza daktari kama nimeiva sawasawa, au nimekatikiwa moto katikati kama chai ya kuharibika. Alisema nimepata joto la kutosha. "Na wewe uliyekaa miaka kumi na minane ukingoja majani," akasema, "ngoja na hili."


21 Novemba

Nyumbani. Mkoba wa mkojo nimeufunga pajani ndani ya suruali. Kipngeno ameutazama akasema sasa hata mimi natembea na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando.


28 Novemba

Wametoa mpira. Nilisimama, nikangoja, nikasoma Zaburi ndefu kuliko ya zamani. Matone, na yanachoma.


3 Desemba

Matone. Mvua. Barabara ya Litein imekatika.


6 Desemba

Owiti amepita akitoka Nakuru, anakofanya kazi stesheni ya reli, akielekea Nyakach kumwona Obiero. Nikaona ni nafasi.

"Mwambie baba yako mdogo mashine imeshindwa," nikamwambia. "Januari haitawezekana."

"Baba, si ulisema daktari alitaja wiki sita? Hazijafika hata tatu."

"Umeme ulikatika katikati."

"Nimwambie umeme ulikatika?"

"Mwambie."

Alinitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani alipokuwa akiniletea sababu za kufeli hesabu. Owiti ana miaka arubaini. Shoka la kufungulia boma langu ni la mkono wake, na amelingoja toka akiwa na ndevu za kwanza.

Alipoondoka Trufosa alikuwa anachambua mboga. Akachambua mpaka mboga zikawa hazina majani wala mabua, kijani kitupu kwenye sahani.


12 Desemba

Sikukuu. Mvua. Hakuna gwaride.


19 Desemba

Owiti amerudi. Obiero amesema tu, "Jumamosi ya tatu iko palepale. Jogoo hajui mambo ya umeme."


25 Desemba

Kanisani tulikuwa wachache. Mahubiri marefu, na sikutoka nje ila mara moja. Nimeandika kwa sababu daktari alisema niandike.


30 Desemba

Jana na leo ilikuwa kupiga kura. Shuleni hapa karatasi zilichelewa kwa sababu gari lilikwama Kipkelion, na tulisimama kwenye mstari toka asubuhi, mvua juu, matope chini, watu wazima tumejifunika magunia ya mbolea. Mbele yangu alikuwa Kipngeno. Tulibishana kama kuku wa kizungu wana akili. Mwanamke mmoja aliuza uji, nikanywa kikombe, nikaongeza. Jua lilikuwa limeshapita kichwani, au pale ambapo lingekuwapo, nilipoona Kipngeno amegeuka ananikodolea macho.

"Amolo," alisema. Huniita kwa jina mara chache. "Wewe hujatoka kwa laini."

"Nitoke niende wapi?"

"Choo."

Nikajisikiliza, kama mtu anayesikiliza nyumba ambayo mtoto amenyamaza ghafla. Hapakuwa na haja. Palikuwa na uji, na kibofu changu kimeupokea kwa adabu kama kibofu cha mtu yeyote.

Baadaye nilikwenda nyuma ya darasa. Sikusoma Zaburi. Sikupata muda. Mkojo ulitoka kabla sijawa tayari, mwembamba lakini mzima, uzi mmoja usiokatika mpaka ukingoni mwa mtaro. Nilibaki nimesimama pale baada ya kumaliza, mvua ikininyeshea, kwa sababu ya mshangao. Kwa wiki sita nyama ile ilikuwa inakufa na kuliwa, kimya, siku zile zote nilizokuwa nikisema imeshindwa. Joto lilikuwa limefanya kazi yake mchana ule ule wa Novemba. Niliyekuwa sijaiva ni mimi.

Niliporudi Kipngeno akauliza, "Imekuwa je?"

"Matone," nikamwambia.

Nimemdanganya Kipngeno. Toka nyuma ya darasa mpaka kitandani nimejiuliza kwa nini, maana habari njema kama hii ningepaswa kuipigia kelele. Jibu nililolipata sitaki kuliandika leo.


2 Januari 1998

Sikuliandika, lakini Trufosa ameliandika kwa niaba yangu.

Nilikuwa napiga mswaki nje. Akaja akasimama, mikono ndani ya leso. "Baba Owiti, umelala mpaka asubuhi siku tatu mfululizo."

"Nimechoka na uchaguzi."

"Mtu aliyechoka haamki anaimba." Akangoja. "Umepona, na unanificha. Mwanamume akipona ugonjwa kama huo mtu wa kwanza kumficha si mkewe, labda awe na mke mwingine. Je, unaye?"

"Trufosa."

"Basi unayemkimbia ni Obiero."

Nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Nikamwambia kwamba nilidhani namkawiza kwa sababu ya mkojo, na sasa mkojo umetoka njiani na bado miguu haisogei. Nikamwambia naona aibu kwake hasa, kwa sababu najua yeye ametamani kurudi miaka yote.

"Nani alikwambia?"

Nilitaka kujibu, nikakuta hakuna aliyeniambia. Nilimwona akifunga mizigo mwaka wa tisini na mbili, nikadhani ni hamu. Ilikuwa hofu.

"Toka tununue ekari hii," akasema, "nimetaka kupanda parachichi pale kona. Kila mwaka unaniambia usipande mti, tunaondoka. Nimepanda sukuma, nimepanda kunde, nimepanda vitu vya miezi mitatu, kama mtu anayekaa stesheni. Mimi sichagui mahali, Baba Owiti. Nimechoka tu na sukuma."

Kisha akaingia ndani akatoka na chai. Nimeishi na mwanamke huyu toka kabla ya Uhuru na kichwani mwangu nimemtilia maneno ambayo hajawahi kuyasema.


9 Januari

Mvua. Nimemwambia Kipngeno ukweli. "Nilijua," akasema. "Mtu wa matone hatembei hivyo."


17 Januari, Nyakach

Jumamosi ya tatu. Nimekuja na Trufosa na Owiti. Tulishuka kwa njia ya Sondu, na chini ya kilima nikaliona ziwa. Limepanda tena. Pale palipokuwa boma la kwanza la baba, na ambapo ng'ombe wamelisha miaka yote hii, kuna maji na mafunjo. Nilidhani nitalia. Badala yake nilijikuta napima kwa macho, kwa udadisi tu, limefika wapi ukilinganisha na mwaka ule.

Obiero alitungoja juu, kwenye uwanja aliokuwa ameufyeka. Alikuwapo baba mdogo Ogola, mzee wa ukoo, kwenye kiti. Jogoo alikuwa amefungwa mguu, kweli ana hasira. Vigingi vya nyumba yangu vilikuwa ardhini, na mlango umeelekea ziwa. Alikuwa amekata kila kitu isipokuwa mti mmoja wa miiba, ili niwe na kivuli. Na hatua chache kando, ng'ambo ya njia ndogo, kulikuwa na uwanja wa pili uliofyekwa, na vigingi vya lango lake vimetazamana na langu.

Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya ua wa minyaa. Nilikojoa kama kijana, kwa nguvu, kwa sauti, na kwa muda mrefu. Hakika daktari angependa kuona. Hapakuwa na kitu kinachonizuia. Ardhi ilikuwa kavu, jogoo alikuwapo, mke alikuwapo, mwana na shoka walikuwapo, na mwili wangu ulikuwa tayari kwa usiku. Nikangoja, kama nilivyozoea kungoja matone, nione kama hamu ya kukaa itakuja. Haikuja. Nilikuwa nawaza kama Kipngeno amekumbuka kumkamua ng'ombe wetu.

Nikarudi uwanjani, nikasimama katikati ya vigingi, nikavua kofia, na kuyasema maneno ambayo wazee walitaka yasemwe.

Ogola aliitikia kwa kichwa. "Yamesikika," akasema. "Obiero apite."

Owiti aliliweka shoka chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Mimi nimekulia kwenye chai, baba," na sikujua kama hilo ndilo jibu.

Obiero aliinama akaikaza kamba ya jogoo.

"Maneno hayo," alisema hatimaye, "ungeweza kuyasema hata mkojo ukiwa umekuzuia."

"Ningeweza."

"Ningekuwa na boma nikiwa na miaka arubaini."

"Ndiyo."

Hakula pamoja nami. Alikaa kwenye uwanja wake mwenyewe, ametupa mgongo. Jua lilipoanza kushuka nilimfuata. Nilitegemea hasira. Alikuwa anatazama vigingi vya malango yetu mawili.

"Watu wanafikiri nilikuwa nalilia njia," alisema. "Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka uliponipa. Owadwa, nilifyeka hapa mwezi mzima. Nilikuwa napima kama mtu akikohoa kwako nitasikia kwangu."

Miaka yote nilimwona kama mtu anayenisukuma kwa nyuma. Kumbe alikuwa anasafisha mahali pa kukaa nami. Nilikaa chini kando yake. Baada ya muda akanyanyua jogoo akauliza ni wa nani sasa, nikasema ni wake. "Ana tabia yako," akasema. "Ukimwita anakwenda upande mwingine."

Tukabaki pale, na wote wawili tulikohoa, kwa sababu ya moshi.


8 Februari, Chepseon

Mvua imeisha. Wachumaji wamerudi kwenye chai ya Kipngeno, na vile vijiti vya mvua ya mawe vimechipua.

Wiki hii nilikwenda Bomet kwa mara ya mwisho. Nilikojoa ndani ya chombo chenye alama, daktari akatazama saa na kutabasamu. Mashine imeshafungwa kwenye masanduku; inarudi ng'ambo na hajui kama italetwa nyingine. Nilimwomba niiangalie mara moja tu bila kuwa nimeunganishwa nayo. Rodah aliniuliza kama nimelipata jibu la swali lake. Nikamwambia, mtu akiniuliza kwetu ni wapi, sasa nitamwonyesha mparachichi.

Trufosa ameupanda pale kona. Ni mche wa urefu wa kiganja. Kipngeno alisema utazaa baada ya miaka sita, na kwamba kama nitakufa kabla ya hapo atanizika kando yake, isipokuwa kama atatangulia yeye, na hapo nitalazimika kumtafuta mtu mwenye mgongo mzuri.

Habari alizoleta Owiti: Obiero alifungua boma Jumapili iliyopita. Jogoo aliwika vizuri. Moto ulishika mara ya kwanza. Vigingi vyangu hakuving'oa, amefunga mbuzi.

Daktari wa Kericho alitaka msimu mmoja, na msimu umekwisha. Tezi imepungua, mkojo unatoka, mambo mengine yako kama yalivyokuwa. Na yale niliyoyasema uwanjani nayaandika hapa, nikiwa mzima, mchana, bila kuzuiwa na kitu chochote. Kwenda nitakwenda, kumtembelea ndugu yangu na kusikia akikohoa. Lakini kurudi, Nyakach sitarudi.